Bajeti ya Ulinzi, Kambi na Wanajeshi: Tuanze na Chombo Gani cha Uwajibikaji?

Ibara ya 119 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni, hata ombi la kutungwa sheria mpya. Ombi lenye madai kumi kwa kawaida hujibiwa nusunusu, kwa hiyo mwananchi au shirika linalotaka serikali iwajibike kwa fedha za ulinzi, kwa kambi na kwa wanajeshi wenyewe halina budi kuchagua. Linaweza kuomba mikataba mikubwa ya silaha ipitishwe na Bunge kabla ya kutiwa saini, au Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aongezewe nguvu, au kamati ya ulinzi iulize maswali na kuzuru kambi mara kwa mara, au iundwe ofisi huru ya kuwasikiliza wanajeshi. Njia hizi nne zinatumika katika nchi mbalimbali na kila moja ina historia inayoweza kupimwa. Makala hii inazilinganisha kwa kutegemea zaidi Ujerumani, Uingereza na Kenya, na kugusa Uganda na Tanzania pale ambapo yaliyotokea huko yana somo, kwa faida ya msomaji anayeandaa waraka wa maoni au mswada na ambaye hawezi kudai vyote kwa wakati mmoja. Kwa kila njia nimeuliza mambo matatu: inaingia lini, kabla au baada ya uharibifu, inaona nini, karatasi au hali halisi, na anayekataa kuijibu anafanywa nini.

Idhini kabla ya saini

Ujerumani ndiyo mfano ulio wazi zaidi wa njia ya kwanza. Mkataba wa ununuzi wa kijeshi unaozidi yuro milioni 25 hautiwi saini huko mpaka Kamati ya Bajeti ya Bunge iupitishe. Nguvu ya utaratibu huu iko katika wakati wake, kwa sababu fedha ambayo haijatoka hazina bado inaweza kuzuiwa, ilhali iliyokwisha kulipwa hubaki kuandikiwa ripoti tu. Anayetaka kuiona tofauti hiyo aitazame Uganda ya mwaka 2011, ambako takriban dola milioni 740 zilitolewa benki kuu kwa ajili ya ndege za kivita aina ya Sukhoi na vifaa vingine kabla Bunge halijaidhinisha, kisha wabunge wakaletewa ombi la kubariki jambo lililokwisha kutendeka. Bunge lililowekwa katika hali hiyo halina la kuamua.

Kenya inaufahamu umuhimu wa idhini ya awali, ila imeuweka mahali pengine. Ibara ya 241 inataka Bunge la Taifa liidhinishe kabla ya jeshi kupelekwa kurejesha amani katika sehemu yoyote ya nchi iliyokumbwa na vurugu, lakini hakuna kizingiti kama hicho kwa mikataba ya silaha. Meli ya kivita ya KNS Jasiri inaonyesha gharama ya pengo hilo. Mkataba wake wa zaidi ya shilingi bilioni 4 ulisainiwa mwaka 2003, ukaja kuingizwa katika uchunguzi wa kashfa ya Anglo Leasing, ile ya mikataba ya usalama iliyopewa kampuni hewa, na meli ikabaki Hispania kwa miaka mingi kabla ya kufika Mombasa mwaka 2012. Maswali yote ya msingi kuhusu bei, muuzaji na njia ya zabuni yaliulizwa baada ya saini, wakati serikali ilikuwa tayari imefungwa na masharti ya mkataba.

Hata hivyo njia hii ina udhaifu wake, na Wajerumani wenyewe wanaujua. Mwaka 2024 kamati yao ililetewa mikataba 97 ya aina hiyo, idadi ambayo hakuna kundi la wabunge linaloweza kuisoma kwa kina huku likiendelea na kazi nyingine za bajeti. Tena kizingiti hakikamati mradi unaoanza mdogo na kuota mapembe baadaye: ukarabati wa meli ya mafunzo ya jeshi lao la majini, Gorch Fock, ulikadiriwa mwanzoni kuwa yuro milioni 10 hivi, kiasi kilicho chini kabisa ya kizingiti, na ukaishia kwenye yuro milioni 135. Zaidi ya hapo, anayeidhinisha kabla huona ahadi tu. Hawezi kujua kama buti zitakazonunuliwa zitamfikia askari aliye mpakani.

Ukaguzi baada ya matumizi

Kwa upande wa ukaguzi, Uingereza ina mila ndefu. Kamati yake ya Hesabu za Serikali iliundwa mwaka 1861 na huongozwa na mbunge wa upinzani, na tangu sheria ya 1983 inahudumiwa na Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ambayo haiko chini ya wizara yoyote. Ofisi hiyo haisemi kwa mafumbo. Desemba 2023 ilieleza kwamba mpango wa miaka kumi wa vifaa vya jeshi ulikuwa na upungufu wa pauni bilioni 16.9, mkubwa kuliko wowote tangu mipango hiyo ianze kuchapishwa mwaka 2012. Kuhusu magari ya kivita ya Ajax, mradi wa pauni bilioni 5.5 kwa magari 589, ripoti yake ya Machi 2022 ilionyesha kwamba hadi mwisho wa 2021 zilikuwa zimelipwa pauni bilioni 3.2 na magari 26 tu ndiyo yaliyokuwa yamekabidhiwa kwa wizara. Idadi ya kiwango hicho inapochapishwa, waziri hawezi tena kujificha nyuma ya usiri wa ulinzi, kwa kuwa aliyeitoa ana haki ya kisheria ya kusoma faili lenyewe.

Mfano wa majengo una uzito zaidi, na ningependa kila anayepanga kuuza au kukodisha mali ya jeshi ausome. Mwaka 1996 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliuza nyumba zaidi ya 57,000 za familia za wanajeshi kwa kampuni ya Annington kwa pauni bilioni 1.66, kisha ikaanza kuzikodi nyumba hizohizo. Mwaka 2018 wakaguzi walikadiria kwamba serikali ilikuwa imepoteza kati ya pauni bilioni 2.2 na bilioni 4.2 kwa kutonufaika na kupanda kwa bei za nyumba. Desemba 2024 serikali ilikubali kuzinunua tena nyumba zaidi ya 36,000 miongoni mwa hizo kwa karibu pauni bilioni 6. Ukaguzi ulisema kweli, tena kwa takwimu ambazo hakuna aliyeweza kuzipuuza, lakini kati ya mauzo na ununuzi mpya ilipita miaka 28 hivi, na katika kipindi hicho chote familia za wanajeshi ziliishi katika nyumba ambazo wizara, ingawa ilikuwa mpangaji tu, ndiyo iliyobaki na wajibu wa kuzitengeneza.

Kenya, kwa maandishi, ina ukaguzi ulio imara. Ibara ya 229 inamtaka Mkaguzi Mkuu athibitishe kama fedha za umma zimetumika kwa mujibu wa sheria na kwa tija, atoe ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha, na Bunge liijadili ndani ya miezi mitatu. Tatizo liko kwenye utekelezaji. Sheria ya ukaguzi ya 2015 ilianzisha utaratibu maalumu kwa vyombo vya usalama, ukiwa na kikao cha ngazi ya juu cha kukubaliana kwanza jinsi ukaguzi utakavyofanywa, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ilibatilisha baadhi ya vifungu vya sheria hiyo kwa kuwa viliingilia uhuru wa Mkaguzi Mkuu. Makadirio ya ulinzi nayo huchapishwa kwa maelezo machache kuliko ya wizara za afya au elimu. Mtu anaweza kutetea usiri wa idadi ya makombora, lakini sioni hoja inayoweza kutetea usiri wa bei ya unga, magodoro na mafuta ya magari.

Ukaguzi hufaa zaidi pale swali lilipo la kuhesabika. Askari hewa, kwa mfano, hukamatwa na mkaguzi anayelinganisha orodha ya mishahara na watu waliosimama gwarideni, na Uganda ililazimika kulifanyia uchunguzi tatizo hilo mwaka 2003. Lakini yule askari wa kweli anayepigwa na mkubwa wake, au anayelala chini ya paa linalovuja, hayumo katika vitabu vya hesabu.

Maswali na ziara za kamati

Swali la mbunge ndicho chombo cha bei nafuu kuliko vyote. Katika Bunge la Uingereza mbunge anaweza kuuliza kwa maandishi ni nyumba ngapi za jeshi ziko tupu, ni askari wangapi wameacha kazi, au kambi ipi itafungwa, na jibu huchapishwa kwa jina la waziri. Likikusanywa jibu baada ya jibu, hupatikana picha ambayo wizara isingeitoa kwa hiari yake. Kasoro ni kwamba wizara inaruhusiwa kukataa pale gharama ya kulitafuta jibu inapozidi pauni 850, na asiyetunza kumbukumbu vizuri hupata udhuru mwepesi wa kutojibu. Kamati za kisekta huenda mbali zaidi kwa sababu zinaita mashahidi: ripoti ya Kamati ya Ulinzi ya Desemba 2024 ilieleza kwamba theluthi mbili ya nyumba za familia za wanajeshi zinahitaji ukarabati mkubwa au kujengwa upya.

Afrika Mashariki tuna deni la kihistoria kwa maswali ya namna hiyo. Rada ambayo Tanzania iliinunua kutoka kampuni ya BAE Systems kwa pauni milioni 28, kwa leseni iliyotolewa Uingereza mwaka 2001, ilizungumzwa bila kuchoka na baadhi ya wabunge wa Uingereza, ikachunguzwa na waendesha mashtaka wa huko, na mwaka 2010 kampuni ikakiri kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu. Hatimaye pauni milioni 29.5 zililipwa kwa manufaa ya Watanzania, zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule. Ni jambo jema, lakini fedha hizo zilirudishwa kwa nguvu ya taasisi za nchi iliyouza. Nchi iliyonunua haipaswi kutegemea bahati ya namna hiyo mara ya pili.

Kwa upande wa vituo vya kijeshi, ambapo jeshi na raia wanapakana, kamati ya Bunge ina nafasi ambayo chombo kingine hakina. Mwaka 2024 Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Mahusiano ya Kigeni ya Bunge la Taifa ilikwenda Nanyuki kusikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya kikosi cha mafunzo cha jeshi la Uingereza, BATUK. Walizungumzia moto ulioteketeza maelfu ya ekari katika hifadhi ya Lolldaiga mwezi Machi 2021 wakati wa mazoezi, mabaki ya silaha katika maeneo ya malisho, na mauaji ya mwanamke kijana mjini humo mwaka 2012, ambayo uchunguzi wa mahakama wa mwaka 2019 uliyahusisha na wanajeshi wa Kiingereza. Mfugaji wa Laikipia hana njia ya kumfikia Mkaguzi Mkuu, wala hesabu za kikosi hicho haziko mikononi mwa mkaguzi wa Kenya. Kamati inayokaa chini ya hema na kuandika majina ya mashahidi ndiyo inayomfikia.

Pamoja na hayo, kamati hushindwa pale serikali inapoamua kunyamaza. Baada ya shambulio la Januari 15, 2016 katika kambi ya El Adde nchini Somalia, serikali ya Kenya haikutoa idadi rasmi ya wanajeshi waliouawa, na wananchi wakabaki na makadirio ya kutoka nje, likiwamo la rais wa Somalia wa wakati huo aliyetaja karibu watu 200. Kila siri ya vita ina sababu yake kwa siku chache, lakini mjane anayesubiri kujua mume wake alikufa vipi, na kama wenzake walikuwa wameomba msaada ambao haukufika, hamwambii adui jambo lolote jipya kwa kuuliza.

Kamishna wa wanajeshi

Ujerumani iliingiza ofisi hii katika katiba yake mwaka 1956, ilipokuwa ikiunda jeshi jipya baada ya utawala wa Wanazi, kwa hofu ya kweli kwamba jeshi lingeweza tena kuwa dola ndani ya dola. Ilijifunza kwa Sweden, iliyokuwa na mtetezi wa wanajeshi tangu 1915. Kamishna huchaguliwa na Bunge kwa kura ya siri kwa miaka mitano. Anaweza kuingia katika kambi yoyote, saa yoyote, bila kutoa taarifa. Kila askari, kuanzia kuruta, anaweza kumwandikia moja kwa moja bila barua kupita kwa kamanda wake, na ni marufuku kumwadhibu kwa sababu ya kuandika. Kila mwaka ofisi hiyo hushughulikia mashauri ya maelfu na kulipelekea Bunge ripoti inayochapishwa.

Mtu anaweza kudhani kwamba ofisi ya malalamiko huishia kwenye likizo zilizokataliwa na matusi ya sajini. Ripoti za Ujerumani zinaonyesha vingine. Baada ya Bunge la huko kuidhinisha mfuko maalumu wa yuro bilioni 100 kwa ajili ya jeshi mwaka 2022, aliyekuwa kamishna, Eva Högl, ndiye aliyetangaza Machi 2023 kwamba hata senti moja ya mfuko huo haikuwa imewafikia wanajeshi mwaka uliotangulia. Ndiye pia aliyesema kwamba, kwa kasi iliyokuwapo, ingechukua takriban nusu karne kuyafanya majengo ya jeshi kuwa ya kisasa, akieleza kuhusu kambi zisizo na vyoo vinavyofanya kazi. Katika ripoti ile moja kulikuwa na fedha, majengo na watu kwa pamoja, kwa sababu askari anayelalamika kuhusu choo anakuwa ametoa ushahidi juu ya bajeti ya ukarabati, hata kama hakuwahi kuiona karatasi ya bajeti hiyo.

Uingereza ilifika hapo kwa njia ndefu na chungu. Baada ya kuruta wanne kufa kwa risasi katika kambi ya Deepcut kati ya 1995 na 2002, iliundwa ofisi ya malalamiko mwaka 2008, ikabadilishwa kuwa mtetezi wa malalamiko mwaka 2016. Mtetezi huyo hakuwa na mamlaka ya kuingia kambini bila taarifa, na kwa sehemu kubwa alisubiri mlolongo wa ndani ya jeshi umalizike kwanza. Ripoti zake, miaka mingi mfululizo, zilisema mfumo huo haukuwa na ufanisi wala haki ya kutosha. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha sheria ya Kamishna wa Vikosi vya Ulinzi inayofuata mfano wa Ujerumani, ikampa haki ya kuingia kambini bila taarifa na kuzipa familia za wanajeshi nafasi ya kumfikia. Katika mradi wa Ajax, askari waliokuwa wakijaribu magari waliumizwa na kelele na mtikisiko, na uchunguzi uliotolewa Desemba 2021 ulibaini kwamba tahadhari za miaka iliyotangulia hazikufanyiwa kazi. Masikio ya askari hao yalikuwa yameshaugundua ubovu wa magari kabla ya mkaguzi kuuandikia hesabu.

Katika Kenya haja ni kubwa zaidi, kwa sababu Ibara ya 24 inaruhusu sheria kuwawekea mipaka wanajeshi katika haki za faragha, kujumuika, kuandamana, mahusiano ya kazi na hata baadhi ya haki za kiuchumi na kijamii. Mwalimu asiyelipwa ana chama chake na anaweza kugoma. Askari hana. Katiba inapompokonya mtu sauti kwa ajili ya nidhamu ya jeshi, ni haki apewe mlango mmoja usiolindwa na yule anayemlalamikia.

Upungufu wa kamishna nao usifichwe. Hawezi kuvunja mkataba, hawezi kumwamuru jenerali, na ripoti yake isiyojadiliwa bungeni hugeuka karatasi. Tena hawasikilizi raia wanaoishi kando ya kambi, kwa hiyo mfugaji wa Laikipia bado atahitaji kamati.

Uchaguzi wenyewe

Iwapo kinachokusukuma ni ununuzi mmoja mkubwa ambao bado haujasainiwa, omba idhini ya awali, na uombe kizingiti kihesabu gharama nzima ya mradi pamoja na nyongeza zake, ili yaliyotokea kwa Gorch Fock yasijirudie. Iwapo unashuku wizi au mishahara ya askari hewa, mtetee Mkaguzi Mkuu, na udai fungu la ulinzi lichapishwe kwa vifungu vyake vya kawaida. Kuhusu ardhi, mazoezi na madhara kwa raia, shikilia kamati na ziara zake.

Lakini kwa anayepaswa kupendekeza chombo kimoja kipya tu, mimi ningemshauri achague kamishna. Kenya tayari ina mkaguzi, kamati na maswali ya wabunge, hata kama vinachechemea, ilhali haina mtu hata mmoja aliye nje ya jeshi ambaye kuruta anaweza kumwandikia usiku na akalala bila hofu. Vyombo vitatu vya kwanza vitafaidika pia, maana mkaguzi atajua ni ghala gani alifungue na mbunge atajua ni swali gani aulize.

Mswada wa aina hiyo ukiandikwa, masharti manne hayafai kuachwa yajadiliwe na kupunguzwa. Kamishna achaguliwe na Bunge, na asiteuliwe na waziri wala rais. Aingie kambini bila taarifa, zikiwamo kambi za wanajeshi wa Kenya walioko nje ya nchi. Familia, hasa za waliokufa kazini, ziwe na haki ileile ya kulalamika aliyo nayo askari, na zipewe taarifa ya maandishi kuhusu mazingira ya kifo. Na waziri wa ulinzi alazimike kujibu kila pendekezo kwa maandishi ndani ya siku 60, jibu hilo liwekwe mezani bungeni pamoja na ripoti, na pale atakapotaja usalama wa taifa kuwa sababu ya kutojibu, sababu hiyo ipimwe na jaji wa Mahakama Kuu katika kikao cha faragha.